Nafasi Ipo

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta umeshateremka salama kwenye usukani, na kwamba mgongo haukusumbui kama ulivyolalamika safari iliyopita. Wifi yangu na wale pacha hawajambo? Sisi huku tu wazima. Kikohozi changu kimeondoka, nadhani kimechoka kunisikiliza. Mlinzi wa shule anakusalimu sana. Nguzo ya lango uliyoikwangua siku ulipomleta binti yako bado ina rangi ya lori lako, na kila mgeni akiuliza, mlinzi husimulia kisa chote upya, na kila akisimulia lori linazidi kuwa kubwa.

Uliniandikia kwamba mtoto akiambiwa arudie darasa la nne utakuja kumchukua, maana kichwa kizito amekirithi kwako na hakuna haja ya kumtesa. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujawasha gari.

Ni kweli mambo yalikuwa mabaya. Mwalimu mkuu alishatangaza kwamba asiyeweza kusoma kwa sauti mbele yake mwisho wa muhula hatavuka. Nyumbani binti yako hunisomea chochote ninapopika, hata maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi. Darasani ni mtu mwingine. Akikosea neno moja tu, kitabu kinafungwa na hakifunguki tena. Siku moja niliinama karibu na dawati lake kuokota chaki nikamsikia akijinong'oneza: “Si unaona? Wewe bure kabisa.” Iliniuma sana. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo, si nyumbani kwangu wala shuleni. Nikaanza kutega sikio, nikagundua darasa zima lina ugonjwa huo. Huyu anajiita mjinga, yule anasema kichwa chake kimejaa mchanga, na wote wanajitukana kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa.

Wewe unanijua nikishika jambo. Nikaamuru kila asubuhi wasimame wapaze sauti: Mimi ni hodari, mimi naweza. Wiki ya kwanza nilijiona nimevumbua dawa. Wiki ya pili, aliyekosea hesabu ubaoni aliimbiwa wimbo wote na dawati la nyuma, tena kwa madaha. Mmoja alichelewa shule, nikamuuliza sababu, akanijibu kwa heshima zote kwamba yeye ni hodari. Walimu wenzangu nao wakaanza kuniita Mwalimu Hodari, wakawa wananikaribisha chai kwa kusimama wima. Binti yako alikuwa akichezesha midomo tu bila kutoa sauti. Nilipomuuliza, alisema hataki kusema uongo asubuhi asubuhi.

Nikaukomesha ule wimbo, na kwa kweli nilikuwa nimekata tamaa. Kilichonizindua ni rafiki yake wanayekaa naye dawati moja. Alikosea kusoma, akaanza kulia, na binti yako akamgusa kiwiko akamwambia taratibu kwamba ameruka mstari tu, aanze tena pale juu. Baada ya kengele nilimwita nikamuuliza kwa nini yeye mwenyewe hajiambii hivyo. Akanitazama kana kwamba shangazi yake amepungukiwa akili. Akasema rafiki yake anajua, ila alikosea. Lakini yeye mwenyewe hajui, ndivyo alivyo. Nilimtuma akanichotee maji ili asinione uso.

Basi nikawaambia watoto kila mmoja atafute maneno yake mwenyewe ya kujiambia akikwama. Sharti ni moja: yawe maneno ambayo ungeweza kumwambia rafiki yako, na bado akabaki rafiki yako. Walihangaika kweli, wakijaribiana. Mmoja alichagua kujiambia kwamba hata huyu mwalimu kuna siku alikuwa hajui, na nimemruhusu, ingawa anapenda mno kuyasema akinitazama. Binti yako alikataa kuniambia ya kwake. Sikumlazimisha, lakini usingizi nilikosa.

Juzi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Ofisi ya mwalimu mkuu unaijua, kiti kimoja cha mgeni na feni inayolia kuliko inavyopuliza. Niliruhusiwa kusimama mlangoni kwa masharti kwamba nisifumbue mdomo. Mtoto akapewa ukurasa unaohusu mfinyanzi. Aya ya kwanza aliimaliza vizuri. Akafika penye vyungu “vinavyofinyangwa”, akakwama. Akajaribu, akakosea. Akarudia, akakosea vibaya zaidi. Nikaona mkono wake unalifuata jalada.

Kitabu hakukifunga. Alivuta pumzi, akanong'ona, na sote tukamsikia: “Taratibu, mzee. Nafasi ipo. Rudi kidogo, uingie tena.” Akarudi mwanzo wa sentensi, akaingia, akapita, akaenda hadi nukta ya mwisho.

Mwalimu mkuu akavua miwani akamuuliza huyo mzee ni nani. Akajibu kwamba ni baba yake. Akaeleza kuwa wakati wa likizo hupanda lori lako, na kila unaporudi rivasi kwenye uwanja mwembamba wa kushushia mizigo, ndivyo unavyojisemea. Mwalimu mkuu akauliza kama ni baba huyo huyo aliyetuachia rangi kwenye nguzo. Nilitamani ardhi ipasuke. Binti yako hakubabaika. Alisema ndiye, na kwamba siku ile uliteremka, ukatazama, ukamwomba radhi mlinzi, ukapanda tena ukaliingiza lori. Hukusema kwamba wewe si dereva.

Mdogo wangu, amevuka. Nililia pale pale mlangoni, na masharti ya kutofumbua mdomo yakaishia hapo. Miezi yote hii nilikuwa nikimtafutia maneno, kumbe alikuwa nayo tangu zamani, umempa wewe bila kujua, ukiwa umetoa kichwa dirishani unahangaika na mzigo wako. Hicho kichwa chako kizito, tafadhali usikitukane tena mbele yangu.

Kwa hiyo usije kumchukua. Njoo siku ya kufunga shule, kama mgeni. Anasema atasimama nyuma ya lori akuongoze unapoingia langoni, na mlinzi ameomba ajulishwe mapema ili aiondoe baiskeli yake.

Nifikishie salamu kwa wifi, na pacha uwabusu kila mmoja kivyake wasije wakagombana. Binti yako ameisoma barua hii yote kwa sauti kabla sijaifunga. Amekwama mahali pamoja tu, na anasema kosa ni la mwandiko wangu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mwalimu Hodari