Mwaka Aliozaliwa Nao Mama

Daejeon, Novemba

Dada Sun-rye,

Kimchi yako, ile achari ya figili, imefika, na safari hii ndoo haikuvuja.

Nimechoka, Dada. Miezi yote hii napima umri wa galaksi kongwe zilizoacha kuzaa nyota, ili tujue ulimwengu unatanuka kwa kasi gani. Ukiniuliza kila moja ilizaliwa lini, sina hakika. Natafuta tu hii imeizidi ile miaka mingapi. Nikikosea mwanzo wa zote mbili kwa kiasi kilekile, kosa linajifuta lenyewe.

Kwa Mama halifutiki. Umepanga sherehe yake ya miaka themanini mwakani, kwa hesabu mpya ya sheria. Yeye anahesabu kama zamani, kwamba mtoto huzaliwa na mwaka wake mmoja tayari. Nilipompigia Jumapili alifoka: "Eti serikali imenipunguzia mwaka? Basi wanirudishie na meno yangu!" Tukacheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikakataa kukatika.

Majibu ya vipimo alivyofanyiwa huku yametoka. Daktari aliyasoma polepole. Nikamtajia sherehe ya mwakani, akaniuliza, "Kwa nini msifanye sasa?"

Basi tuhesabu kama Mama. Themanini anayo tayari. Achana na ukumbi, pika supu ya mwani ya siku ya kuzaliwa, waite majirani. Nakuja Jumamosi. Akiuliza haraka ya nini, mwambie serikali imemrudishia mwaka wake.

Mdogo wako,
Gyeong-ok