Mpaka Mzee Tak Aanze Kula

Daegu, 28 Juni

Kwako Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na shamba je? Mimi mzima, ila vidole vimeungua kidogo. Naandika kwa sababu simu umeikata mara ngapi sijui, na juzi Mama akapokea akasema umelala. Saa nne asubuhi, wewe!

Baba, mkahawa wangu uko wazi tangu miti ilipochanua. Watu wanakula na wanarudi. Siku timu ya taifa ilipocheza, hata pa kusimama hapakuwepo. Kuku namkaanga mara mbili, kisha nampaka rojo la soya na kitunguu saumu. Shangazi ameshakuja, hata meneja wa benki niliyoacha kazi alikuja, akaramba vidole mbele yangu. Umebaki wewe tu. Zile siku tatu za joto kali za kalenda yetu zinakaribia, na kwa desturi kila nyumba itakula kuku. Njoo ule kwangu, Baba. Sitaki zawadi nyingine.

Mwanao,
Hae-won

*

Uiseong, 9 Julai

Mwanangu Hae-won,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Vitunguu saumu tumeshang'oa, viko kivulini vinakauka. Mama yako hajambo, anakusalimu kuliko unavyostahili.

Nilikusomesha mpaka chuo kikuu, ukapata meza benki yenye kibao cha jina lako. Leo nikiulizwa binti yako anafanya nini, niseme anakaanga kuku? Nchi hii kila aliyefukuzwa kazi anafungua duka la kuku. Wewe hukufukuzwa, ulitoka kwa miguu yako mwenyewe. Siku ya joto nitakula kuku wa mama yako wa kuchemshwa, aliyejazwa wali tumboni, kama walivyokula baba zangu. Huyo wako hatapita koo hili. Nimeshalisema kwenye ukumbi wa wazee wa kijiji, mbele ya wenzangu, na mimi sili matapishi yangu.

Baba yako,
Tak Chun-bae

*

Daegu, 20 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumaini joto halijakuzidi. Mama alikuja mjini kupimwa macho, anarudi leo kwa basi na barua hii, pamoja na maboksi. Usimgombeze. Kuku hawa si wako. Ni wa wazee wa ukumbini, heshima yangu kwao kwa siku ya kwanza ya joto kali. Wewe si lazima ule.

Mwanao,
Hae-won

*

Uiseong, 22 Julai

Hae-won,

Marahaba. Afya yangu usiiulize. Mjanja wee.

Unajua fika kwamba tangu mzee Seok atutoke, mkubwa wa umri pale ukumbini ni mimi. Mama yako akafungua maboksi, harufu ikatujaa puani, wazee wakashika vijiti vya kulia. Kisha wote wakanitazama. Nikakunja mikono, nikawaambia kuleni, mimi nimeshiba. Nani atakula kabla ya mkubwa? Wakaweka vijiti chini. Feni inazunguka, kuku ananukia, hakuna anayetafuna. Nikawasihi. Wakasema hawawezi kuanza utovu wa adabu uzeeni. Nikataka kutoka, nikakumbuka mkubwa akiinuka mezani mlo umekwisha. Mwishowe Bibi Gwak, yule jirani yetu asiyeogopa mtu, akasema, "Mzee Tak, ugomvi na mwanao ni wa nyumbani kwako. Njaa hii ni yetu."

Nikachukua paja dogo kuliko yote, kwa ajili yao, si yako. Lilikuwa limepoa, na bado ngozi ilivunjika mdomoni kama ukoko wa wali. Nikala na lingine. Bibi Gwak akaanza kuhesabu mifupa yangu kwa sauti. Basi, matapishi yangu nimeyala, mbele ya mashahidi wale wale.

Ila kitunguu saumu ulichotumia hakina nguvu. Umekinunua dukani, binti wa mkulima mzima? Aibu. Siku ya mwisho ya joto kali tunakuja, ukumbi wote. Unganisha meza.

Baba yako

*

Daegu, 10 Agosti

Kwako Baba,

Shikamoo. Mmefika salama? Kofia ya Bibi Gwak ninayo hapa. Mama ananiambia unawatangazia watu kwamba ulikuja kuleta vitunguu tu. Haya, mimi naandika nilichokiona.

Uliingia na gunia la vitunguu saumu begani, ukalibwaga jikoni kwangu. Kisha ukawaambia wateja wa meza ya kwanza kwamba mpishi ni binti yako, na benki hakufukuzwa, aliacha mwenyewe. Nikadhani nimesikia vibaya. Ukahamia meza ya pili ukayarudia. Nilipoleta kuku na figili za siki, wazee wakashika vijiti wakakutazama, nawe hukuanza. Niliogopa, Baba. Nilidhani umebadili nia mbele ya mkahawa mzima. Ndipo ukavuta kiti kando yako ukasema, "Leo mkubwa ni aliyepika. Kaa."

Ukaniwekea paja kwenye sahani yangu. Wazee wa umri wenu, wote mmeshika vijiti, mnaningoja mimi. Nilishindwa kuuma kwa machozi, mpaka Bibi Gwak akasema nifanye haraka, watu wanakufa.

Leo nimepika kwa vitunguu vyako. Wateja wanauliza nimebadilisha nini, kuku amekuwa mtamu hivi. Nimewajibu kwamba baba yangu amekuja kula.

Binti yako, mkaanga kuku,
Hae-won