Mzee wa Galaksidi

Alkhamisi, 15 Januari. Asubuhi baridi, mawingu mepesi juu ya majabali ya Matrah.

Bado uso unaniwaka. Jana niliona kwenye orodha ya wageni wa meli nitakaowatembeza kuwa mmoja anatoka Galaksidi, Ugiriki. Nikasoma habari za mji wake na kuziandika daftarini, kama ninavyofanya siku zote: mji mdogo kwenye Ghuba ya Korintho, bandari mbili, uliotajirika kwa meli za matanga mpaka meli za moshi zilipoumaliza.

Leo, tukiwa sokoni, mgeni huyo, mzee, akawaambia wenzake, "Sisi kwetu tuna manispaa yetu wenyewe."

Nikamkatiza. "Samahani, bwana, ilishaunganishwa. Sasa mko chini ya Delfi."

Wenzake wakacheka. Yeye akasema polepole, "Najua, binti. Nilikuwa karani pale. Siku ya mwisho mlango wa ofisi niliufunga mimi."

Jioni, kabla hajapanda meli, nilimwomba anihadithie mji wake. Akaligonga daftari langu kwa kidole. "Si unao humu?" Akapanda. Hata radhi sikuwahi kumwomba.

Nyumbani Mabela nikamkuta mama na jirani mpya aliyekuwa akimuuliza kwao wapi.

"Sie watu wa Malindi, Unguja," mama akajibu, kama kawaida yake. Aliondoka huko ana miaka sita, akavushwa bahari kuletwa huku, na nyumba yao ya kule sasa ni ya watu wengine. Nikawamiminia kahawa.

Kumbe kunyamaza najua.

Saa saba na nusu usiku, usingizi ndio kwanza unanijia.