Injini Tuliyoizika Midia

Bunia, Zaire
Mwanzo wa kiangazi

Kwa mdogo wangu Rajabu,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima wewe na nyumba yako, na mgongo wa mama uwe umetulia, maana najua mvua zilizopita hazikumhurumia. Sisi huku tunaamka. Watoto walishikwa na homa kwa zamu, sasa wamepona na wanakula kama nzige. Shemeji yako anakusalimu.

Barua yako niliipata kwa mkono wa yule dereva wa Ariwara. Umeniuliza kama fundi: kwa barabara ya Koboko kwenda Arua, pikapu ya mizigo mizito ifungwe injini ipi, ile kubwa ya zamani ya baba au hizi dizeli ndogo mpya ambazo kila mtu anazisifia? Tena nikiona ndogo ni bora, nitafute moja huku niwaletee. Umeuliza vizuri, nami nitakujibu vizuri.

Hizi ndogo si mbaya, nisiseme uongo. Ni nyepesi, hazina kelele, na kwenye tambarare zinakimbia. Hata dizeli chafu ya jerikeni za magendo zinaivumilia. Lakini asubuhi haziwaki mpaka uzipashe plagi kwanza, na betri ikichoka mnasukuma kijiji kizima. Mlimani zinataka kukanyagwa mpaka zilie. Na maji yakipungua mara moja tu, kichwa cha injini kinapinda, kwisha habari.

Ile ya baba ni mzee mkali. Silinda sita, nzito, inatikisa mpaka meno ya abiria, na ukiinywesha dizeli chafu inakununia hadi usafishe nozeli zote. Lakini inawaka asubuhi bila kupashwa chochote, na ukiipakia magunia ya muhogo kutoka Dranya inapanda na gia ya pili bila kubadili sauti. Kwa mzigo mzito inakunywa kidogo kuliko hizo ndogo zikilia. Mwenye barabara kama yetu na akili zake timamu atachagua ile. Hilo ni jibu la fundi. La kaka yako linafuata.

Unakumbuka siku tulipoizika. Milio ya risasi ilikuwa upande wa Arua, na watu walipita kwetu Midia na magodoro kichwani wakielekea mpaka wa Zaire. Pikapu haikuwa na tairi za kutufikisha popote. Baba akaitoa injini kwa mnyororo, tukaipaka grisi, tukaifunga turubai, tukachimba nyuma ya nyumba na kuweka tuta juu kama kaburi la mtu mzima, mawe kichwani na miguuni. Mama akauliza kama tuisomee dua. Baba akasema kwa Kiswahili chake kile, "Hapana. Sisi nadanganya askari, hapana danganya Mungu." Kisha akatugeukia sisi wawili: "Askari nakula mbuzi, nakula kuku, lakini kaburi hapana fukua. Siku ya kurudi, nyinyi mbili mutatoa pamoja. Moja peke yake hapana gusa." Wewe ndiye uliyekuwa umeshika jembe. Ulisikia.

Baba hakurudi. Tulimzika hapa Bunia. Mama aliporudi nyumbani nawe, bila mume na bila kaburi la mume karibu, alianza kulifagia lile tuta kila Ijumaa. Wewe mwenyewe uliniandikia. Ulisema anajua vizuri kwamba chini ni chuma, lakini mkono wa mwisho kuupiga ule udongo ulikuwa wa baba, na hilo linamtosha. Nilipoisoma barua ile nililia, sikufichi.

Tangu hapo nakusanya spea za injini hiyo, moja moja, kutoka kwenye malori yaliyokufa: nozeli, ringi za pistoni, gaskiti ya kichwa. Nazipaka mafuta na kuziweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Shemeji yako hunitania kwamba waume wa wenzake huficha vitenge vya mwanamke wa nje, wake anaficha vyuma. Nilimwambia siku sanduku likijaa tunakwenda nyumbani, tunafukua, na mimi sitakuwa tena kibarua kwenye gereji ya watu.

Wiki chache baada ya barua yako, pikapu moja iliingia gereji ikitoa moshi mweupe. Mwenyewe ni mzee anayeuza samaki wa kule ziwani, Kasenyi. Niliisikia kabla sijaiona, nikajiambia zipo nyingi za namna hiyo. Nikafungua boneti. Mguu wa kushoto wa injini ulikuwa na lile kovu la kuchomelea lililokwenda upande, nililolikosea mimi nikijifunza kazi karakana ya misheni pale Ombaci, kabla ya yale mauaji ya Ombaci. Baba alinicheka njia nzima mpaka nyumbani.

Nikamwuliza mzee aliipata wapi.

"Kwa kijana moja ya Koboko," akasema. "Alitoa moteri mu udongo, sawa mutu anatoa muhogo. Nilimupa pikipiki."

"Na shimo?"

"Alifukia muzuri. Alirudisha mpaka mawe. Alisema mama yake asijue."

Rajabu, silinda sita umezibadilisha kwa silinda moja. Hiyo peke yake ningeicheka. Ungeniambia mna njaa, ningekwambia fukua, uza, kuleni, mimi nitamjibia baba. Lakini uliniandikia kwamba imelala salama na tuta halijaguswa, kisha ukaniuliza ipi ni bora, ili kinywa changu ndicho kiseme ile ya baba haifai. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi miaka yote nilidhani wanasema chawa.

Mzee alihitaji nozeli, na Bunia nzima mwenye nazo ni mimi. Ningeweza kunyamaza aende na moshi wake. Nilikwenda nyumbani nikaliburuta sanduku, nikamfungia kila kilichokuwamo, kwa sababu injini haina kosa. Ilipowaka nilijificha nyuma ya gari wenzangu wasinione uso. Akaondoka nayo kuelekea ziwani. Alituachia samaki wakavu. Watoto wakala, mimi sikuweza.

Kwa hiyo msinitazamie kiangazi hiki. Sina cha kuja kukifunga huko. Msalimie mkeo, hana kosa kwangu. Msalimie shangazi wa Dranya. Mjomba, anayelilinda bodi la pikapu miaka yote hii, mwambie afugie kuku humo.

Mama sikumwandikia barua yake, kwani wewe ndiye msomaji wake. Hii pia atakuomba umsomee, na najua utakavyoruka ruka. Basi msomee hata mstari huu mmoja: Mama, Ijumaa ijayo upumzishe mgongo wako, chini ya lile tuta hakuna kitu.

Ni mimi kaka yako,
Abdu