Nilisema "Haya", Mume Wangu Akasikia "Nimekubali"

Mpendwa mshauri Bi Marietha, naomba msaada wako, ila kwanza nikwambie alichokifanya mwanangu sasa hivi tu. Biasha wangu ana miaka mitatu, nimempelekea uji, akakisogeza kikombe pembeni kwa kidole kimoja, akaweka mikono nyuma mgongoni kama baba yake, akasema, "Kwa heshima kubwa, mama, siutaki," halafu akakaa chini akanyoosha gauni lake kama amevaa suti. Nimecheka mpaka mbavu zikauma, kisha kicheko kikaniisha, maana maneno hayo kayaokota hapa hapa barazani kwetu na ndiyo yaliyonifanya nikuandikie.

Mume wangu Mudrik anasoma sheria chuo kikuu, namshukuru Mungu kwa hilo, na likizo hii amekuja nyumbani Nanganga na wenzake wawili, kaka mmoja anaitwa Huzaifa na dada mmoja anaitwa Shakila, wanajiandaa na mashindano ya usuluhishi ya vyuo vya dunia nzima, yatafanyika Ulaya. Mimi nilidhani usuluhishi ni huu wetu, mke na mume wamegombana, wazee wanakaa, wanakula mihogo, mambo yanaisha. Kumbe wao wanasuluhisha kampuni mbili, moja imeuza mashine za kubangua korosho na nyingine imekataa kuzipokea, na kampuni zenyewe hazipo, zimetungwa na walimu, na mashine nazo hazipo, lakini ugomvi upo, unaanza asubuhi, na chai yake ipo, na mihogo yake ipo, na mpishi yupo.

Na katika mchezo wao mtu hana upande. Asubuhi unamtetea muuzaji, ukishakula mchana unamtetea mnunuzi, na kote unatakiwa uonekane unaamini. Mudrik analiweza hilo kuliko wenzake wote, wanamsifu na mimi namsifu, lakini kuishi na mtu wa hivyo ni kazi, Bi Marietha, ukimuuliza kama chumvi imekolea anasema inategemea tuko upande gani.

Sasa shida yangu. Niliishia kidato cha pili, nikapata ujauzito wa Biasha, tukafunga ndoa, na Mudrik aliahidi mbele ya mama yangu kwamba mtoto akiacha kunyonya mimi narudi shule. Mtoto ameacha kunyonya siku nyingi, sasa hivi anatoa hoja. Nachingwea mjini kuna darasa la wanaorudia masomo, kuandikisha kunafungwa Jumatatu, na mama yangu Mwamina yuko Naipingo, amesema siku za masomo nilale kwake na Biasha abaki naye, nimeshashona na sketi. Nikamkumbusha Mudrik, akasema subiri kwanza mashindano yapite. Nikasema haya.

Wewe ni mwanamke, unaijua haya hiyo, niliisema huku natazama sufuria. Kesho yake akanikuta nakunja nguo.

"Unakwenda wapi?"

"Shule."

"Si tulikubaliana usubiri?"

"Tulikubaliana lini?"

"Nilipendekeza, wewe ukasema haya. Hayo ni makubaliano."

"Baba Biasha, haya ile ilikuwa ya kumaliza maneno."

"Kwa heshima kubwa, Mama Biasha, haya ni haya."

Huzaifa akapiga makofi kule barazani, "Shemeji, mna mgogoro mtamu kweli! Tuufanyie mazoezi!" Basi wakaamua ugomvi wangu upelekwe kwenye usuluhishi, Jumapili hii baada ya alasiri, kwa Kiswahili ili wazee nao wafuate. Wanasema kila upande una haki ya kuchagua mwamuzi wake. Mudrik akamchagua Huzaifa. Mimi akanichagulia Shakila, kwa niaba yangu, kwa kuwa nilikuwa naosha vyombo. Hao wawili wakamchagua mwenyekiti, mjomba wake Mudrik, mzee Awadhi, ambaye anasikia kwa sikio moja tu na sikio hilo ni la mpwa wake. Wakaniambia uamuzi ukitoka hauna rufaa, umeelewa? Na mimi, mja wa Mungu, nikasema haya.

Lakini jana, Bi Marietha, kuna kitu kimetokea. Mudrik alifanya mazoezi ya pande zote mbili, akaanza na upande wangu. Akasimama akasema, "Waheshimiwa waamuzi, mwanamke huyu alikuwa akinifundisha hesabu mimi. Mtoto ni wetu sote, lakini aliyefunga daftari ni yeye peke yake, mimi sikukosa hata kipindi kimoja. Nikivaa joho siku ya mahafali, nusu ya joho hilo ni lake, na hakuna atakayemwona kalivaa." Nilikuwa jikoni, nikaacha mwiko ndani ya sufuria nikalia. Hata mzee Awadhi alifuta jicho. Nikasema moyoni, kumbe anajua, kumbe huyu mtu anajua yote. Halafu akanywa maji, akahamia kiti cha pili, akasema, "Hata hivyo, waheshimiwa," akayabomoa yote moja baada ya jingine, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kujiuliza huyo mwanamke ana haraka ya nini.

Nampenda mume wangu, nataka ashinde huko Ulaya, nataka na mimi siku moja nizisome zile karatasi zake nijue wanagombania nini. Sasa naomba uniambie, hizi haya zangu mbili zimenifunga? Na yule Mudrik wa kiti cha kwanza nitampataje tena, maana naamini yupo, na nimefikiria kwamba Jumapili kabla hawajaanza nisimame niseme, huyo ananiita, "Mama Biasha! Waheshimiwa wameketi na chai haijafika!" ngoja nipeleke birika, nikirudi nitakumalizia ile ya

Bi Marietha anajibu

Mama Biasha, hukurudi. Ujumbe wako umenifikia hivyo hivyo, umekatwa na birika, na nimeuchapisha hivyo hivyo ili wasomaji waone kwa macho yao kinachokupata kila ukikaribia kufika mwisho wa sentensi.

Pole sana, mwanangu. Pole imekwisha, sasa tuseme.

Kwanza hongera kwa kuolewa na wanaume wawili kwa mahari moja. Wa kiti cha kwanza nimempenda, wa kiti cha pili mwambie namsalimia kwa mbali. Usihangaike kuuliza kama mumeo anakuelewa. Anakuelewa vizuri, amekutetea mpaka mzee kafuta jicho. Tabu yake ni kwamba huyo wa kwanza anafanya kazi mpaka maji ya kunywa yaletwe.

Pili, hiyo haya. Katika Kiswahili nilichokulia mimi kuna haya ya twende, kuna haya ya nimekusikia, kuna haya ya utajua mwenyewe, na kuna hiyo ya mwanamke anayetazama sufuria, ambayo maana yake ni sina nguvu ya kubishana nawe mikono yangu ikiwa na unga. Hakuna hata moja inayomfungia mtu shule. Kijana anapanda ndege kwenda kuwaeleza Wazungu maana ya maneno ya mkataba, na haya ya mkewe mwenyewe imemshinda! Mungu awasaidie wenye mashine zao. Na kuna haya nyingine, ile ya kuona haya. Hiyo mkatie kipande, naona yake imemwishia.

Lakini wewe nawe! Umechaguliwa mwamuzi ukiwa unaosha vyombo, ukaendelea kuosha vyombo. Sketi umeshona, mama amekubali, darasa lipo, halafu unaniuliza mimi kama umefungwa. Umefungwa na nini, na upindo wa kanga? Unataka kusoma karatasi za watu, basi anza kwa kusema lako mpaka mwisho.

Sasa nisikilize. Kesho Jumapili, kabla hawajakaa, simama useme kwamba mwamuzi wako unamchagua mwenyewe, na umemchagua mama yako Mwamina, aliyeisikia ahadi kwa masikio yake yote mawili. Watasema hafai kwa sababu ana maslahi. Waulize mzee Awadhi atapikiwa chai na nani wewe ukienda shule. Shakila usimnunie, amepewa kiti hakukinyakua. Muulize tu mbele yao kama yeye aliwahi kuambiwa asubiri mashindano ya mtu mwingine yapite ndipo aende shule, halafu nyamaza, mwache ajibu.

Kisha mwombe mumeo aanze tena na upande wako, umwambie ukweli kwamba uliipenda ile hotuba. Wanaume hawakatai ombi la namna hiyo. Washa simu yako urekodi. Akishika glasi ya maji, zima. Hiyo ndiyo utakayomsikilizisha kila atakapokuambia subiri, kwa sauti yake mwenyewe, na sijui atampinga nani.

Na Jumatatu uwe Nachingwea unaandikisha jina lako, uamuzi uwe umetoka, uwe haujatoka, au mwenyekiti awe amesinzia. Ahadi ya mbele ya mama yako ndiyo ya kwanza, na hakuna mahali wewe umeifuta. Mudrik, najua na wewe unasoma hapa: hotuba yako ya kwanza inatosha kushinda nyumbani. Usihame kiti.

Mama Biasha, wakikuita tena chai ukiwa katikati ya maneno yako, mwige mwanao, maana humo ndani wakili ninayemwona ni huyo tu. Weka mikono nyuma, sema, "Kwa heshima kubwa, birika lipo jikoni," umalizie sentensi.

Haya! Na hii yangu ni ile ya twende.