Kiti cha Adigun Mferejini

Wifi yangu Morenike,

Hapa Ibadan mvua zimeanza, na mmea wa boga aliopanda kaka yako umetambaa hadi dirishani. Majirani bado wanangoja mvua inyeshe ndipo wamwage taka mferejini, zichukuliwe na maji. Mwaka jana taka hizo ziliziba daraja, maji yakapanda, yakamchukua mwanetu Adigun. Sasa mawingu yakitanda natoa kiti chake, nakaa ukingoni na mwavuli.

Jana Mama Sikiru alikuja na beseni lililojaa taka, akaniambia:

"Mama Bolanle, ingia ndani, mvua itakuua."

"Mvua haikumuua Adigun, mwenzangu. Mabeseni ndiyo."

Alirudi nalo vilevile.

Unaniita Ilorin nikapumzike. Nitakuja kiangazi. Msimu huu nina mahali pa kukaa.

Wako,
Abeke