Wamerithi Duara

Nyarugusu, Geita

Mwanangu Noela,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Mimi baba yako mdogo niko imara kama gogo la mninga. Mgodini hapa wote wanajua unasomea sheria na siasa kwa mkupuo mmoja. Nimewaambia wanaosoma kimoja kimoja ni waoga tu.

Basi wiki jana mwenye leseni ya machimbo haya alituletea karatasi. Wachimbaji wenzangu wakasema, "Asome Baba Edson, kwao kuna mwanasheria." Nikasimama juu ya kifusi, nikasoma kwa sauti ya bungeni: "Wachimbaji wamerithi duara hili." Vigelegele! Shimo limekuwa letu, la urithi! Tukasaini wote, mimi wa kwanza, kwa mbwembwe.

Jana Mama Blessing anayetupikia akaisoma. "We Baba Edson! Hapa pameandikwa wameridhia kuliacha, na hilo kuliacha umeliruka. Mmekubali kuliacha duara, mwisho wa mwezi mtoke!"

Nikamwambia dhi na thi zimewashinda Wasukuma wengi, si mimi peke yangu. Hakucheka.

Nakala iko ndani ya bahasha hii. Sheria uifanye wewe, na huyo mwenye leseni najua utambana mpaka aombe maji. Siasa niachie mimi. Wenzangu thelathini bado hawajui kitu, na wamenunua mbuzi wa sherehe. Nikimaliza kuandika hapa nakwenda kuwaambia ukweli, kabla hajachinjwa.

Anayeringa kwa ajili yako,
Baba yako mdogo, Ngassa